Land Cruiser dizeli inavuja oili nyuma ya injini? Angalia juu kabla hujakubali giaboksi ishushwe

mkaazi_wa_maweni

Salaam aleikum wana Malindi na majirani zenu. Uzi huu ni wa wenye Land Cruiser kuukuu za dizeli, hasa zile za toleo la 80 zenye injini ya 1HZ. Mji huu zimejaa: za kupeleka wageni Tsavo, za kubeba samaki, na za wazee wetu waliokataa katakata kuziuza. Kila mara nasikia mtu kaambiwa, "Sili ya nyuma ya krenki imekufa, giaboksi lazima ishuke." Sili hiyo ni mpira unaozuia oili pale krenki, mhimili mkuu wa injini, inapotokea kuelekea giaboksi. Inawezekana ni kweli. Lakini mara nyingi oili inayodondoka pale injini inapoungana na giaboksi imeanzia juu kabisa, kwenye hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda), na dawa yake unaiweza mwenyewe nyumbani kwa spana chache. La kwangu nimelitengeneza uani chini ya mwarobaini, na sasa ni kavu.

Tuanze na hedi yenyewe. 1HZ ina silinda sita na kamshafti moja juu (mhimili unaofungua valvu), halafu tapeti kava inayofunika kila kitu, na chini ya kava kuna gasketi ya mpira. Sasa nenda upande wa nyuma, ule unaotazama dashibodi. Hapo hedi imeachwa na mwanya wa nusu duara, na mwanya huo umezibwa na kipande cha mpira ambacho mafundi wanakiita nusu mwezi. Kava inakaa juu yake. Mpira huu unapikwa na joto miaka nenda miaka rudi. Wangu nilipoutoa, kucha haikuzama hata kidogo, na nilipojaribu kuukunja ulikatika vipande viwili mkononi. Mpira wa namna hiyo haubani tena. Oili inapita pembeni yake, inateremka taratibu mgongoni mwa injini mpaka kwenye giaboksi, na inadondokea palepale ambapo sili ya krenki ingedondoshea. Ukilala chini ya gari huwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha. Usifungue chochote kabla ya kuosha. Magari yetu yanakula vumbi la Marafa na Kakoneni, vumbi linashikana na oili linakuwa udongo mweusi, na udongo huo unaficha kila kitu. Funika altaneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mfuko wa nailoni, injini ikiwa baridi. Chukua mafuta ya taa na brashi ya rangi, sugua kuanzia juu kwenda chini, kisha suuza kwa maji ya sabuni. Mashine za kuoshea magari zenye presha kubwa sizipendi kwenye injini, maji yanaingia kwenye plagi za umeme na ukitoka hapo una tatizo la pili.

Ikishakauka, chukua poda ya mtoto. Ndiyo, ile ya kawaida ya dukani. Nyunyiza nyuma ya hedi, ubavuni, kwenye filta ya oili, na chini kwenye ukingo wa sampu (bakuli la oili chini ya injini). Endesha mpaka Gede na urudi, injini ishike joto lake kamili. Ukifika, tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Mimi niliona mstari mmoja mweusi umechora juu ya poda, unaanzia kwenye kona ya nusu mwezi na kushuka moja kwa moja. Kanuni ni kutafuta sehemu ya juu zaidi iliyolowa, halafu ya mbele zaidi. Oili inashuka, na upepo wa safari unaipeleka nyuma. Kwa hiyo huko chini nyuma ndiko inakoishia safari yake.

Ufunguaji. Toa waya hasi wa betri. Ondoa bomba la hewa linalokuzuia, na mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kava. Kabla kava haijanyanyuka, pangusa ukingo wake wote na upulize mchanga, maana chembe ikianguka ndani inakwenda kwenye kamshafti. Kava ikigoma, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi katikati, utakwaruza alumini na utakuwa umejitengenezea mvujo mpya.

Toa gasketi ya zamani na nusu mwezi. Kwangua mabaki ya silikoni kwa kipande cha plastiki ngumu, ziba mashimo ya kurudishia oili kwa vitambaa safi wakati unakwangua, na uvihesabu ukiviweka na ukivitoa. Halafu futa kwa petroli kidogo kwenye kitambaa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Silikoni haishiki juu ya oili hata uwe umeinunua Ulaya.

Paka silikoni nyembamba kwenye kitanda cha nusu mwezi, kiweke kipya, halafu tone dogo kwenye kila kona inapokutana na hedi. Kwenye gasketi yenyewe usipake. Ni mpira, unabana wenyewe. Rudisha kava, funga nati zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mzunguko. Hizi si nati za magurudumu. Ukikaza kwa hasira gasketi inatoka nje, au uzi wa skrubu kwenye hedi unakatika.

Acha silikoni ikauke kama pakiti inavyosema, nyingi zinataka mpaka saa 24. Halafu washa, angalia, osha tena mgongo wa injini, upake poda tena.

Nusu mwezi na gasketi kwa pamoja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na kibarua cha kushusha giaboksi. Mwenye swali aulize.

binti_wa_ngala

Shukran kaka kwa maelezo. Mimi nina Prado ya D-4D, injini 1KD, nayo inadondosha nyuma. Naweza kufuata hatua hizi hizi?

mkaazi_wa_maweni

Dada, kuosha na poda fuata vilevile. Kufungua kava usifuate. Kwenye 1KD nozeli (zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda) zinapita kwenye kava na zina sili zake, kwa hiyo kugusa kava kunakupeleka kwenye kazi ya nozeli. Tena mfumo wake wa dizeli unafanya kazi kwa presha ya zaidi ya ba 1,000. Injini ikiwa inanguruma usipitishe mkono kutafuta mvujo karibu na mabomba ya nozeli, dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi na ni jambo la hospitali mara moja.

fundi_wa_majengo

Ndugu wa Maweni umeeleza vizuri, ila niongeze mambo ambayo kila siku yananipotezea wateja muda.

La kwanza, hakikisha ni oili ya injini. Weka kadibodi nyeupe chini ya gari usiku, asubuhi iangalie. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tititi, hata ukiwa umebadilisha juzi, masizi yanaigeuza rangi haraka na hiyo si dosari. Nyekundu inayoteleza ni ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi. Nzito yenye harufu mbaya ya kiberiti ni ya giaboksi ya kawaida au difu (gia za ekseli). Nyepesi inayonuka na kukausha ngozi ni dizeli, tafuta kwenye pampu na mabomba. Kuna mtu kaja kwangu analia injini, kumbe pampu ya stelingi.

La pili, na hili ndilo kubwa: injini inapumua? Iwashe, ipate moto, fungua kifuniko cha kujazia oili bila kukanyaga pedali ya mafuta. Kigeuze, kiache juu ya tundu. Kikitulia au kutikisika kidogo, sawa. Kikiruka na moshi ukitoka kwa mapigo, basi gesi kutoka kwenye silinda inapita pembeni ya ringi (pete za pistoni) na kuijaza injini presha huko chini. Presha hiyo itatafuta pa kutokea. Utabadilisha nusu mwezi leo, kesho sili ya krenki, keshokutwa gasketi ya sampu, na hutamaliza. Lakini kabla hujahukumu ringi, toa mpira wa kupumulia na upulize ndani. Mara nyingi umeziba kwa tope la oili na masizi, au umekunjwa na mtu aliyefunga bomba la hewa vibaya. Ukiusafisha tu, mvujo unaweza kupungua bila kufungua kava.

La tatu, sili ya nyuma ya krenki inakufa kweli, msiwadharau mafundi. Ukiona klachi inateleza na kunuka, na mgongo wa hedi ni mkavu baada ya poda, hapo giaboksi ishuke. Na ikishuka, badilisha na klachi yenyewe ikiwa imeliwa. Kibarua ni hicho hicho.

dereva_wa_sala

Nyinyi mnajitesa bure. Mimi natoka Malindi mpaka lango la Sala la Tsavo Mashariki na kurudi na wageni, zaidi ya kilomita 100 kwenda peke yake, na gari linavuja tangu nilipolinunua. Nikaongeza ile dawa ya chupa ya kuzuia mvujo, na nikahamia oili nzito. Basi. Naongeza nusu lita nikihisi.

fundi_wa_majengo

"Nikihisi" ndiyo itakayokuulia injini, mzee. Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ipo kwa sababu. Dawa ya chupa kazi yake ni kulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Inaweza kusaidia sili iliyoanza tu kukakamaa. Nusu mwezi uliokatika, au gasketi iliyokwanguka, haina cha kuvimbisha. Na oili nzito kupita kiwango inachelewa kufika juu asubuhi unapowasha, kamshafti inasagika ikiwa kavu. Kwa joto letu hili 15W-40 ya dizeli inatosha kabisa.

dereva_wa_sala

Na wageni wangu wamewahi kulala porini?

fundi_wa_majengo

Bado.

mkaazi_wa_maweni

Dereva, nikuongezee moja. Angalia na mbele. Kamshafti ina sili yake upande wa mkanda wa taimingi. Hiyo ikivuja, oili inaingia kwenye mkanda, na mkanda unaolowa oili unakufa kabla ya kilomita 100,000 zake. Ukikatika kwenye 1HZ valvu zinagonga pistoni. Hapo ndipo utakapolala porini na wazungu wako.

dereva_wa_sala

Haya, hiyo nimeisikia. Nitafungua kifuniko cha mkanda Ijumaa niangalie.

mokowe_kwetu

Naandika kutoka huku Mokowe. Lamu kisiwani hatuna shida ya giaboksi, punda hawana, lakini huku bara tuna magari na tuna chumvi. Nyinyi mnazungumza juu ya hedi, mimi nataka mtazame sampu.

Gari linalokaa karibu na bahari, na hasa linaloshuka ufukoni kuvuta mashua au kupakia samaki, sampu yake ya bati inaliwa na kutu kutoka nje. Inaanza kwenye mshono wa ukingo na pale matope yanapokaa. Unaona unyevu tu, hakuna tone. Mtu anachukua brashi ya waya anasugua kwa nguvu, tobo linafunguka, oili yote chini. Kwa hiyo ukisugua sampu yenye kutu, weka karai kwanza na uwe na pa kupata sampu nyingine. Kwenye bati lililokwisha, kulipaka silikoni juu ni kupoteza jioni. Mimi nilitoa ya zamani nikafunga ya gari lililokufa, nikaipaka rangi ya kuzuia kutu, na kila nikirudi kutoka ufukoni naimwagia maji baridi chini.

Kuhusu silikoni: vijana wanajaza kama wanakalafati jahazi. Kwenye jahazi pamba ikizidi inabaki nje, unaikata. Kwenye injini inayozidi inasukumwa ndani, inakauka, inakatika, na kipande kinakwenda kwenye chujio la pampu ya oili kule chini ya sampu. Chujio likiziba, presha inashuka. Tone dogo, kama mwenye uzi alivyosema.

binti_wa_ngala

Hilo la chujio nimelisikia pia kwa D-4D, lakini sababu ilikuwa nyingine.

fundi_wa_majengo

Naam dada. Kwenye 1KD washa (pete) za shaba chini ya nozeli zikivuja, gesi yenye masizi inaingia kwenye oili na kutengeneza kaboni ngumu inayoziba chujio. Taa ya oili ikichelewa kuzima asubuhi, usiendeshe. Lakini huo ni uzi mwingine, fungua wako tutakuja.

kijana_wa_barani

Wakubwa shikamooni. Uani kwetu ni mchanga mtupu. Nikipandisha jeki inazama. Nifanyeje?

mkaazi_wa_maweni

Marahaba. Kwa kazi ya nusu mwezi huhitaji kuingia chini, ni juu tu. Kwa kutazama sampu na filta, tafuta ubao mnene wa mbao ngumu, upana wa kutosha kubeba stendi nzima, uuzike kidogo kwenye mchanga ukae sawa. Matofali ya matumbawe usiweke chini ya gari hata siku moja, yanapasuka bila taarifa. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kubebea. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari, breki ya mkono, gia. Halafu lisukume gari kwa bega kabla hujaingiza kichwa. Likitikisika, usiingie.

Ikiwezekana, afadhali upeleke kwa mtu mwenye sakafu ya saruji, hata kwa kumlipa chai.

kijana_wa_barani

Sawa kaka. Na oili niliyomwaga naitia wapi? Babu anaitaka apake nguzo za ua kwa ajili ya mchwa.

mokowe_kwetu

Mzee yuko sawa, sisi tumefanya hivyo miaka yote.

mkaazi_wa_maweni

Kwa heshima ya mzee, mimi sikubali, na nitasema kwa nini. Mchanga wetu hauzuii kitu. Kinachomwagwa juu kinashuka, na nyumba nyingi za huko kwenu Barani zinateka maji kisimani. Oili iliyotumika ina masizi na madini kutoka ndani ya injini, si kitu cha kukaa mahali watoto wanaegemea na mbuzi wanajikuna. 1HZ inatoa karibu lita 10 kila mara, hizo si za kumwaga nyuma ya choo. Irudishe kwenye madumu iliyotoka, ifunge, upeleke gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya. Uliza kabla, si wote wanapokea.

Mwambie babu dukani kuna dawa ya mbao ya mchwa.

mokowe_kwetu

Babu hatanunua.

kijana_wa_barani

Hatanunua kweli.

binti_wa_ngala

Nimerudi na majibu. Nimeosha, nimepaka poda, nikaenda Mambrui na kurudi. Mgongo wa injini mkavu. Kilicholowa ni karibu na filta, na swichi ya presha ya oili inang'aa oili mpaka kwenye waya wake. Ukivuta plagi ya waya, ndani kuna oili.

fundi_wa_majengo

Umeshapata. Oili ikitoka ndani ya plagi ya umeme ya swichi, swichi yenyewe imepasuka ndani. Haitengenezwi, inabadilishwa. Zima injini ipoe, fungua, futa uzi, weka mpya na dawa ya uzi kidogo, kaza kwa kiasi. Usizungushe tepe nyeupe ya mabomba ya maji, vipande vyake vinaingia kwenye oili na swichi inahitaji kugusa chuma ili taa ifanye kazi.

Na filta uiangalie. Wakati mwingine mpira wa filta ya zamani unabaki umeganda kwenye injini, mtu anafunga mpya juu yake, mipira miwili inakaa pamoja. Inavuja polepole, halafu siku moja inafyatuka.

binti_wa_ngala

Swichi tu kumbe, na mimi nilishaambiwa nijiandae giaboksi!

dereva_wa_sala

Wadau, nimefungua kifuniko cha mkanda. Ndani kuna unyevu, chini ya gurudumu la kamshafti. Mkanda ukingo wake umeanza kung'aa.

fundi_wa_majengo

Usiende Sala nalo. Sili ya kamshafti, mkanda mpya, na kitenshena (kinachokaza mkanda) ukizungushe usikie kama kina mlio. Alama za taimingi zikae sawasawa kabla hujatoa mkanda, ziwekee rangi. Ukiwa hapo fungua na kava, badilisha nusu mwezi na gasketi, kisha tupime tapeti (nafasi ya valvu), 1HZ inarekebishwa kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma) na wengi hawajawahi kupima tangu gari lishuke melini.

dereva_wa_sala

Nina wageni Jumatatu.

fundi_wa_majengo

Azima gari la jirani. Lete lako Jumamosi asubuhi, na spea uje nazo, usiniletee gasketi za kukata kwa kadibodi.

dereva_wa_sala

Na chupa yangu ya dawa nimebakiza nusu. Kuna anayeitaka?